Mtu wa Duluth Aliyemwashia Mke Wangu Mshumaa Kila Asubuhi

Kwa siku sabini na kitu, kila asubuhi, kuna mtu alikuwa anamwashia marehemu mke wangu mshumaa mtandaoni.

Jina hakuandika. Alijiita Rafiki.

Rafiki, Duluth.

Mimi naishi mwendo wa saa moja na nusu kutoka mji wa Duluth, upande wa kaskazini, na huko sina rafiki hata wa dawa. Aliyekuwa na marafiki huko ni mke wangu.

Naandika haya nikiwa na akili zangu timamu, kahawa iko pembeni. Naandika kwa vidole viwili, kwa hiyo mkiona herufi imeruka mnivumilie. Naitwa Verlyn Haugstad, nina miaka sitini na nane. Nimeendesha malori ya mgodi wa chuma miaka thelathini na saba, yale ambayo gurudumu moja tu linamzidi mtu kimo mara mbili, na sikuwahi kugonga hata nguzo. Halafu nikaja kushindwa na kipanya cha kompyuta.

Mke wangu aliitwa Marlys. Alifariki mwishoni mwa Januari. Kansa ya kongosho. Kuanzia siku daktari alipolitamka neno hilo mpaka siku alipofumba macho ni wiki kumi na moja.

Sikulia.

Sisemi kwa kujisifu wala kwa aibu, nasema ilivyokuwa. Kanisani binti yetu Kirsten alilia mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilikaa benchi la mbele nikahesabu vigae vya dari. Baada ya ibada tukashuka ukumbini chini ya kanisa, akina mama wameshaandaa mikate ya nyama ya nguruwe, tambi za kuoka, kahawa na masinia ya kuki, vile vibiskuti vya kuoka nyumbani. Nikala. Nikashukuru. Watu wakanipigapiga bega.

"Jikaze, Verlyn."

Nikawa najiuliza najikaza nini sasa, mbona hakuna kilicholegea.

Mwili ganzi, kuanzia kifuani kwenda chini. Ungenichoma sindano nisingeshtuka.

Na hatukumzika. Kwetu ukifa Januari unazikwa Mei, ardhi ikishayeyuka. Jeneza likawekwa kwenye chumba cha pale makaburini, likafungiwa na kufuli. Kwa hiyo mke wangu alikuwa amekufa lakini hajazikwa, na mimi nilikuwa hai lakini, dah, hata sijui niseme nini.

Kirsten anakaa Arizona. Kabla hajapanda ndege kurudi, alinikalisha mbele ya kompyuta ya mama yake pale mezani jikoni.

"Baba, ona hii picha ndogo ya mama. Ukiibonyeza mara mbili unafunguka ukurasa wake, ule waliotutengenezea watu wa mazishi. Picha yake kubwa ipo humo, na watu wanamwashia mishumaa."

"Mishumaa ya kweli?"

"Ya kwenye skrini, baba. Bonyeza hapo tu. Usiguse kingine."

"Nikigusa?"

"Usiguse, baba."

Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Saa tatu asubuhi, kahawa ya pili, nabonyeza mara mbili. Vinajitokeza vile visanduku vyao vya mbele mbele, navibonyeza vinaondoka, namwona Marlys. Amevaa sweta la kijani, anamcheka mtu ambaye hayumo pichani. Namwangalia dakika mbili tatu, nafunika kompyuta, naenda kutia kuni motoni.

Chini ya picha kulikuwa na orodha ya mishumaa. Wiki ya kwanza ilijaa majina: majirani, watu wa kanisa, wenzangu wa mgodini. Wiki ya pili majina yakapungua. Ya tatu yakaisha, kama yanavyoisha mabakuli ya chakula yanayoletwa mlangoni.

Akabaki mmoja.

Rafiki, Duluth. Leo.

Kesho yake, Rafiki, Duluth. Leo. Keshokutwa tena. Kila siku nikifungua, yule bwana ameshaniwahi.

Nimesema bwana, sivyo? Sikuwa na ushahidi wowote kwamba ni mwanaume. Lakini akili ya mtu aliyekaa peke yake na theluji miezi miwili haitafuti ushahidi.

Kila Alhamisi, kwa miaka tisa, Marlys alikuwa anaendesha gari mpaka Duluth kuimba kwaya. Anaondoka asubuhi, anarudi jioni anaimba chinichini huku anamenya viazi. Kulikuwa na jina moja analolitaja. Curt Salmela. Curt kasema hivi, Curt katuchekesha vile, Curt ana sauti nzito utadhani inatoka ardhini.

Mimi sikuwahi kwenda kuwasikiliza. Miaka tisa. Sikuwahi.

Sasa sikilizeni kilichofanya jambo hili liwe zito.

Mwezi wa Machi alinipigia simu Lyle Ostby, mchonga mawe ya makaburi.

"Verlyn, habari za huko?"

"Tupo."

"Theluji?"

"Ipo."

"Eeh." Lyle hana haraka, anashughulika na wateja wasio na haraka. "Lile jiwe la Marlys. Nichonge jina moja au mawili?"

Kwetu mume na mke hulala chini ya jiwe moja. Aliyetangulia anaandikwa mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, aliyebaki anaandikwa wa kuzaliwa tu na pengo. Wanaoandika jina moja ni wale walioachana, au walioshindwana kimyakimya na mji mzima ukajua.

Nilitakiwa kusema mawili. Neno moja tu.

"Nitakupigia," nikasema.

"Mwisho Jumatatu ya tarehe ishirini Aprili. Baada ya hapo sitawahi mazishi."

Nikakata simu nikakaa. Kila nilipotaka kumpigia nimwambie mawili, naona yale maandishi. Rafiki, Duluth. Nikawaza, miaka na miaka nimelala pembeni ya mwanamke huyu, na sasa natakiwa nilale naye milele, na kuna mtu anamlilia kila siku wakati mimi hata chozi sina. Huyo mtu ndiye anayestahili kuwa kwenye jiwe, au vipi?

Sikukasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Nilitaka kukasirika, nikaitafuta hasira, sikuipata.

Lakini nilitaka kujua.

Tatizo sikujua pa kuanzia. Hiyo kompyuta mimi najua kitu kimoja, kubonyeza picha mara mbili.

Mwanzoni mwa Aprili nikaenda maktaba ya mji. Mlangoni pamebandikwa karatasi: Kompyuta kwa Wasiojua Kabisa. Jumanne na Alhamisi, saa nne asubuhi. Nikajiandikisha.

Tulikuwa watu watano. Mwalimu alikuwa Charmaine Boshey, mtu wa Nett Lake, kijiji cha wenyeji wa asili, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, sauti ya chini, hakufokei hata ukifanya kituko. Pembeni yangu alikaa Bibi Bernadine, miaka themanini na tatu, mwembamba kama ufito na mdomo mrefu kuliko barabara. Yeye alikuja kujifunza ili amwangalie mjukuu wake akicheza magongo ya barafuni kule chuoni.

"Hii programu inaitwa kivinjari," Charmaine akaanza. "Ni dirisha la kuchungulia mtandao. Mtandao haumo humu ndani. Uko huko nje."

"Kama dirisha langu la jikoni," Bernadine akasema. "Ndani hamna kitu, umbea wote uko nje."

"Haswa, bibi. Sasa huku juu kabisa, hivi vinavyofanana na vibao vya mafaili, vinaitwa vichupo."

"Vinaitwaje?"

"Vichupo."

"Mwalimu, mimi ni mtu wa kanisa."

Darasa zima likacheka. Mimi nilicheka pia, yaani mdomo ulifunguka.

Akatuonyesha sehemu ya anwani, ule mstari mrefu wa juu unakoandika unakotaka kwenda. Akatuonyesha mshale uliojikunja, wa kuufungua ukurasa upya. Akatuonyesha mshale wa kushoto.

"Huu ni wa kurudi nyuma. Unakurudisha ulikotoka."

Nikanyoosha mkono. "Unarudi nyuma mpaka wapi?"

"Mpaka pale ulipofungulia dirisha, Mzee Verlyn. Zaidi ya hapo hauendi."

Nikauangalia ule mshale muda mrefu. Bernadine akanigusa kiwiko.

"Baba, tumeshahamia kwingine."

Alhamisi ya wiki ya pili, Charmaine akatufundisha kutafuta. Unaandika neno, unabonyeza, unaletewa. Wenzangu wakatafuta mapishi na hali ya hewa. Mimi nikaandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi: Curt Salmela kwaya Duluth.

Ikaja picha.

Watu thelathini wamesimama ngazini na makoti meusi. Mstari wa nyuma jamaa mrefu, ndevu nyeupe, mabega ya mtu wa kupasua kuni. Mbele yake Marlys. Anacheka. Amegeuza kichwa kidogo kuelekea kwake.

Chini ya picha kulikuwa na ratiba yao. Tarehe kumi na nne mpaka kumi na sita Machi, kwaya ipo Fargo, tamasha.

Nikatoa karatasi mfukoni. Nilikuwa nimeandika tarehe zote za mishumaa, kila moja. Machi kumi na tatu upo. Kumi na nne hamna. Kumi na tano hamna. Kumi na sita hamna. Kumi na saba upo.

Siku tatu yupo Fargo, siku tatu hakuna mshumaa.

"Umepata ulichokuwa unatafuta?" Charmaine akaniuliza.

"Nimepata."

"Mbona umepauka?"

"Ni taa zenu."

Jumapili mchana nikampigia. Namba yake ilikuwepo hapo hapo kwenye ukurasa wa kwaya, kwa wanaotaka kujiunga. Ikapokelewa, nasikia nyuma vijiko na sahani.

"Hallo."

"Curt Salmela?"

"Ndiye."

"Mimi Verlyn. Mume wa Marlys."

Sauti yake ikashuka. Kweli ilikuwa nzito, Marlys hakunidanganya.

"Pole sana, bwana. Tulikuja kuimba kwenye ibada. Sijui kama ulituona."

Sikuwaona. Watu thelathini waliimba hatua kumi kutoka nilipokaa, mimi nilikuwa na vigae vyangu.

"Nina swali moja," nikasema. "Ulimpenda mke wangu?"

"Sote tulimpenda, Verlyn."

"Sijauliza sote."

"Sikiliza. Tuko mezani, mke wangu yuko hapa..."

"Anajua habari za mishumaa?"

"Mishumaa gani?"

"Unayajua unayoyafanya," nikasema, nikakata.

Nilijua baada ya hapo nitasikia kitu. Nilikaa nikasubiri kama mtu anayesubiri maji yachemke. Hakuna. Nikaosha kikombe.

Jumatatu nikampigia Lyle.

"Jina moja," nikasema.

Nikasikia akiweka kalamu chini. "Moja."

"Moja, Lyle."

"Haya."

Jumanne sikwenda darasani. Niende kufanya nini, nilichokitaka nimekipata. Jumatano Bernadine akanipigia, sijui namba aliitoa wapi.

"Wewe mzee, utakuja kesho au nikufuate na gari langu? Na mimi sitakiwi kuendesha, macho hayaoni."

"Nimemaliza masomo, bibi."

"Umemaliza nini wewe, hata kufunga dirisha hujui. Kesho kila mtu anakuja na kompyuta yake. Beba ya mkeo."

Nikaenda. Ukweli ni kwamba ilikuwa rahisi kwenda kuliko kubishana naye.

Alhamisi hiyo, tarehe ishirini na tatu, Charmaine alikuwa na somo moja tu.

"Leo ni historia. Kivinjari kinaandika kila mlango uliopita, siku na saa. Wewe unaweza kusahau ulikokwenda. Chenyewe hakisahau."

"Kama dada yangu," Bernadine akasema.

"Kona ya juu, mkono wa kulia, mnaona nukta tatu zimepangana? Bonyezeni. Chagua historia."

Nikabonyeza. Ikafunguka orodha ndefu. Nilitegemea kuona mambo ya Marlys, na sikutaka kuyaona, lakini ya juu yote yalikuwa yangu. Ukurasa wa marehemu Marlys Haugstad. Saa tatu na dakika nne. Juu ya huo, mstari mwingine: Asante kwa kuwasha mshumaa. Saa tatu na dakika tano.

Jana yake hivyo hivyo. Juzi hivyo hivyo. Ukurasa wa marehemu, asante kwa kuwasha mshumaa. Ukurasa wa marehemu, asante kwa kuwasha mshumaa.

Charmaine alikuwa amesimama nyuma yangu. Nadhani alisoma kabla mimi sijaelewa.

"Mzee Verlyn. Kila siku unamwashia mkeo mshumaa?"

"Mimi? Hapana. Kuna mtu wa Duluth ndiye anayewasha."

Akavuta kiti akakaa.

"Hebu nifungulie huo ukurasa. Vile vile unavyoufungua nyumbani."

Nikabonyeza picha mara mbili. Kisanduku kikajitokeza mbele. Nikapeleka mshale kwenye kile kitufe kikubwa cha bluu, nikabonyeza. Kikaondoka. Marlys huyo, sweta la kijani.

"Subiri," akasema. "Hicho kisanduku kimeandikwa nini?"

"Mambo ya kuki."

"Umekisoma?"

"Nilisoma siku ile ya kwanza. Tovuti yetu hutumia kuki, je, unakubali? Nikajiambia hawa ni watu wa mazishi, na msibani mtu hakatai kuki. Nikakubali. Tangu hapo kila kikija nakubali. Hawajawahi kuleta, lakini nimewaelewa, posta imeharibika siku hizi."

Hakuna aliyecheka. Hata Bernadine.

"Mzee wangu," Charmaine akasema polepole, "kile cha kuki kilikuja siku ya kwanza tu. Na hizo si kuki za kula, ni vitu vya kompyuta, nitakueleza. Hivi vilivyofuata ni kitu kingine. Vaa miwani."

Akafungua ukurasa upya. Kisanduku kikaja. Nikavaa miwani.

Washa mshumaa kwa ajili ya Marlys. Andika jina lako, au acha wazi uwashe kama Rafiki.

Chini yake kile kitufe cha bluu. Washa.

Na huku juu pembeni, kijialama cha X cha kufungia, kidogo kama punje ya dengu. Sikuwahi kukiona.

"Na Duluth?" nikauliza. "Mimi siko Duluth."

"Mtandao wa huku kwetu unapitia kwenye mitambo ya Duluth. Tovuti inakisia tu upo wapi. Hata mimi nikiwa nimekaa hapa wananihesabu mtu wa Duluth."

Nikatoa ile karatasi ya tarehe. Machi kumi na nne mpaka kumi na sita. Nikakumbuka. Nilikuwa na mafua, siku tatu sikutoka kitandani, Kirsten akapiga simu mpaka akachoka. Sikufungua kompyuta.

"Kwa hiyo huyo mwanaume..." Bernadine akaanza.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe, baba."

"Mingapi?" nikamuuliza Charmaine.

Akahesabu kwenye orodha kwa kidole, hakukosea hata mstari. "Na wa sasa hivi, sabini na mitano."

Mishumaa sabini na mitano. Mimi niliyekuwa nimewaonea wivu wanaoweza kulia. Mimi niliyejiambia kuna mtu anampenda mke wangu kuliko ninavyompenda mimi.

Mnajua mguu ukifa ganzi, damu inavyoanza kurudi? Haurudi na nafuu. Unarudi na vichomi, unatamani ungebaki umekufa. Ndivyo nilivyosikia, kifuani, pale maktaba, saa nne na nusu asubuhi mbele ya watu. Bernadine akanishika mkono wa shati akauvuta, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema kitu.

Kisha nikakumbuka jiwe.

Nikatoka mbio mpaka barazani, nikampigia Lyle.

"Lyle, majina mawili."

"Verlyn." Akavuta pumzi. "Nimeshachonga."

"Lini?"

"Jana."

"Umeliweka wapi?"

"Uliniambia moja. Jina moja linakaa katikati."

Pikapu mbili zikapita barabarani. Nikaziangalia mpaka zikaisha. Nilisikia uchungu, uchungu wenyewe, na sikuwa na wa kumlaumu zaidi ya kidole changu.

"Chini yake kuna nafasi," Lyle akasema. "Nyembamba. Naweza kukuweka kwa herufi za inchi moja. Lakini nakwambia mapema, utaonekana kama wewe ndiye fundi uliyechonga jiwe."

"Niweke."

"Watu watauliza."

"Waulize. Niweke hapo hapo chini yake."

Halafu ikabaki simu ya pili, ngumu kuliko ya kwanza.

"Curt, ni Verlyn. Nimekosea. Nimekukosea vibaya sana."

"Verlyn," ile sauti nzito ikajibu, "mke wangu hajanisemesha siku ya nne leo. Nalala kwenye kochi, na mimi kochi hilo linanizidi ufupi."

"Mpe simu."

Basi nikaanza kumweleza mwanamke ambaye sijawahi kumwona habari za kuki na kitufe cha bluu. Nilieleza kila kitu, sikujificha. Nilipomaliza akaanza kucheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio.

"Mimi ndiye niliyekuwa nasimama kushoto kwa Marlys," akasema. "Tulikuwa tunaimba sauti moja. Kwenye ile picha ya kwaya ananicheka mimi, nilikuwa nimevaa viatu tofauti. Unajua alikuwa anasema nini juu yako?"

"Sijui, dada."

"Alikuwa anasema, Verlyn hajawahi kuja kunisikiliza hata siku moja, na akikwambia anakupenda jua ana homa. Lakini miaka yote hii, kila Alhamisi nikitoka mlangoni, gari limeshawashwa, kioo kimekwanguliwa barafu, na kiti kimepashwa moto."

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilikuwa nafanya hivyo.

Yaani si kwamba nilikuwa nakumbuka nikanyamaza. Sikuwa na habari. Ilikuwa mikono tu, Alhamisi asubuhi, inachukua funguo inatoka nje.

Marlys tulimzika katikati ya Mei. Kwaya ilikuja. Safari hii niliwaangalia wao. Wimbo wa kwanza nilivumilia, wa pili nikashindwa, nikalia kwa sauti mbele ya mji mzima, kamasi na kila kitu. Bernadine akanipa kitambaa ambacho alishakitumia. Nikakipokea.

Funzo langu si kubwa. La kwanza ni la kompyuta: vaa miwani, soma kisanduku mpaka mwisho, na ujue X ya kufungia iko wapi kabla hujabonyeza kitufe kikubwa.

La pili ni hili. Kama umefiwa na husikii kitu, usijihukumu kwamba hukupenda, na usianze kumtafuta aliyependa badala yako. Angalia kwanza mikono yako inafanya nini kila asubuhi. Mimi yangu ilikuwa inaomboleza, na mwenyewe ndiye niliyekuwa wa mwisho kuambiwa.